Mabawa ya Kilemba cha Azeline

Paris, 17 Januari 1892

Dada yangu Azeline,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ng'ombe nao, maana najua nikikuuliza habari zako utanijibu za ng'ombe. Mimi sijambo. Kikohozi cha Krismasi kimeondoka, chumba kina kuni, na mama mwenye nyumba bado anadhani watu wa kwetu Brittany wanakula mishumaa. Msalimie sana mama mkwe wako, Mama Katell. Na Tugdual je? Karatasi ile ya jeshi ilisema mumeo hajulikani alipo huko vitani Tonkin, haikusema amekufa. Wako askari waliopotea msituni wakaonekana tena. Ukipata neno lolote niandikie siku hiyohiyo.

Sasa sikiliza. Inatengenezwa medali mpya ya maonyesho ya kilimo, ile watakayopewa wakulima wa Ufaransa nzima kwa fahali bora na siagi bora. Wachongaji watatu tumeitwa tushindane, na mmoja wa hao watatu ni mdogo wako. Julai tarehe ishirini kila mtu ataweka mezani muhuri wake wa chuma wa kupigia medali, na mmoja atachukua kazi. Hao wawili nawajua. Mmoja ana mkono mzuri na hana kichwa, mwingine kinyume chake.

Mimi nilianza nikiwa na miaka kumi na miwili kwa mzee Quéméner kule Morlaix, nikisugua vidole vya miguu vya watakatifu wa mbao. Ndivyo nilivyopata ufadhili wa mkoa, ndivyo nilivyoingia shule ya sanaa, na ndivyo nimeishi miaka kumi na mmoja hapa nikichonga wakubwa wa watu kwenye medali, kwa upande mmoja wa uso. Nimeshachonga madaktari kumi na wanne, wote wana ndevu. Nimechoka na ndevu, Dada. Safari hii natia uso wa mwanamke wa shambani, na nimekwisha kuuchagua. Ni wako.

Sanamu yangu kubwa ya mvunaji iko mbele ya wazee wa maonyesho ya sanaa. Tusiizungumzie kwa sasa.

Mdogo wako,
Goulven

*

Lannvern, 9 Februari 1892

Mdogo wangu Goulven,

Ng'ombe hawajambo. Yule mwekundu amezaa ndama jike, na Padri ameteleza kwenye barafu mbele ya kanisa akasema neno ambalo halimo katika kitabu chake. Mama Katell anakusalimu. Anaendelea kumfumia Tugdual soksi, sanduku limejaa, na kila Jumapili kabla ya misa anasimama nyuma yangu kuzikagua pini za kilemba changu kama jemadari. Kuhusu Tugdual sina la kuongeza.

Umeshauchagua uso wangu, ndivyo ulivyoandika. Nilidhani mtu akitaka kitu cha mwenzake huomba kwanza, lakini pengine Paris ni tofauti. Pua yangu unaijua. Ukiitia kwenye chuma, wakulima watadhani wamepewa zawadi ya jembe.

Najua hata nikikataa utafanya, kwa hiyo sikatai, ila nakuwekea sharti. Wanawake wenu wa mawe huko wanakaa vichwa wazi, na kuna ambao ni zaidi ya vichwa. Mimi nywele zangu hazijaonwa na mwanamume yeyote ila mmoja. Nitie kwa kilemba changu cha lesi, kilemba cha Lannvern, si cha parokia jirani, kwa sababu wale wakipata sifa kwa bahati mbaya hawatanyamaza hadi Kiyama.

Miaka kumi na mmoja ni mingi kuuchonga uso bila kuuona. Treni ipo. Unasema tusiizungumzie sanamu ya mvunaji, basi nimeelewa, wala sikuulizi.

Dada yako,
Azeline

*

Paris, 20 Aprili 1892

Dada,

Pasaka njema, ijapokuwa imepita. Nimekula mayai sita, nimekwenda misa ya saa tatu, na unaweza kumwambia Padri. Hongera ya ndama.

Nimemaliza, na fungua hicho kifurushi kwanza kabla hujaendelea kusoma. Umeona? Hiyo ni nakala ya bati tu, ya majaribio. Ya kweli itakuwa shaba. Nilikufinyanga kwanza kwa nta, upana wa sahani, bila picha, bila kitu, kwa kichwa changu tu. Kisha mashine ikaupitia uso huo kwa ncha moja na kuuchimba mdogo katika chuma cha pua kwa ncha nyingine, nami nikamalizia kwa patasi yangu. Chuma kimeshaingia motoni na majini, sasa ni kigumu, kimekuwa muhuri. Mzee Crochard, aliyenifundisha kuchimba chuma, mtu ambaye hajapata kumsifu hata mkewe, alikishika akakigeuza mara mbili. "Huyu mama ananiangalia vibaya," akasema. "Umeweza."

Kitu kimoja kilinisumbua, lakini nimekishinda. Mabawa mawili ya lesi ya kilemba chako unayabana juu kwa pini, na juu hapo yanagonga ukingo wa medali. Kazi yetu ni ya duara, na duara lina amri zake. Nikayaachia yateremke. Tazama yanavyofuata shingo yako hadi begani, na maneno "Jamhuri ya Ufaransa" yanavyokaa juu yake kwa raha. Sijawahi kuchonga mstari mzuri kama huo. Nitashinda, Dada, na nasema hivyo nikiwa nimetulia kabisa.

Mwonyeshe Mama Katell.

Goulven

*

Lannvern, 4 Mei 1892

Goulven,

Mvua imenyesha vizuri. Viazi vimechipua. Ndama anakua. Sasa nimemaliza habari.

Mama Katell sikumwonyesha. Tarishi wa posta alimkuta yeye mlangoni, mimi niko shambani, na kwa kuwa tarishi wetu hana haya walifungua pamoja. Mama hajui kusoma hata herufi moja, lakini kilemba anakisoma kuliko Padri anavyosoma Kilatini. Alipapasa yale mabawa kwa kidole gumba. Akamwuliza tarishi, "Hapa pembeni pameandikwa nini?" Tarishi akamwambia, "Jamhuri ya Ufaransa, mama." Akasema, "Basi serikali imejua." Akaenda kitandani na viatu vyake, na kwa siku tatu hakula hata kipande cha chapati ya ngano nyeusi.

Umesahau, Goulven? Umesahau kweli? Kwetu mwanamke mwenye mume hubana mabawa juu. Anayateremsha siku moja tu, siku anapokuwa mjane. Baba alipokufa ulikuwa na miaka sita, na uliyashika mabawa ya mama yetu kuanzia nyumbani hadi kaburini kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa. Uliyashika kwa mkono huu unaojisifia.

Umenifanya mjane mbele ya kijiji. Tarishi ana mdomo, na sasa nikienda kisimani wananyamaza. Mke wa fundi seremala ameniletea siagi, na hapa siagi hailetwi bure bila msiba. Miaka miwili nimekwenda kanisani na mabawa juu huku wengine wakinong'ona kwamba najidanganya, na nimewakazia macho wote. Wewe umeyashusha kwa ajili ya duara.

Yapandishe. Sitaki maelezo ya sanaa.

Azeline

*

Paris, 13 Mei 1892

Dada mpendwa,

Nimeumia sana kusikia habari za Mama Katell, natumaini ameshaamka na kula. Mwombee radhi kwangu. Kweli nilisahau, na nikikaa nikifikiri kwamba nimesahau jambo kama lile najiona mtu wa ajabu. Ile siku ya mazishi naikumbuka. Nakumbuka lesi mkononi. Maana yake ndiyo iliyonitoka.

Lakini inabidi nikueleze, hata kama hutaki. Muhuri huchimbwa. Palipo na bawa, chuma kimeondoka, na chuma kilichoondoka hakirudishwi kwa gundi wala kwa sala. Kuyapandisha ni kuanza upya kwenye kipande kipya. Mashine ina foleni ya kazi hadi Agosti, na siku yangu ni tarehe ishirini Julai. Hapa hakuna hata mtu mmoja anayejua pini za Lannvern. Kwao ni mwanamke mzuri mwenye kitambaa kizuri. Wakulima wa kusini watasema ni mtawa. Hii ndiyo kazi niliyoingoja tangu nikiwa nasugua vidole vya watakatifu. Mwambie Mama Katell kwamba ni mchezo wa mistari tu, serikali haijui lolote.

Na niulize kitu, usikasirike. Umeandika kurasa mbili kuhusu kilemba na hukuandika mahali popote kwamba Tugdual yu hai. Una habari unayonificha?

Goulven

*

Paris, 12 Juni 1892

Dada,

Mwezi mzima hujaniandikia. Nimemwuliza tarishi wa hapa mara nyingi hadi sasa ananikwepa.

Nitaanza na langu ili uone sikufichi. Sanamu ya mvunaji ilikataliwa tangu Machi. Hawakuandika hata sababu. Imesimama nyuma ya mlango na nimeitundikia koti. Nilipokwambia tusiizungumzie nilikuwa nimeshanusa, na nilipofinyanga uso wako nilikuwa na hasira ya kumwonyesha kila mtu kwamba medali yangu moja ina uzito kuliko sanamu zao zote. Hasira hiyo ndiyo iliyotaka ule mstari mzuri. Wewe hukuwamo, Dada, ilikuwamo pua yako tu. Naona aibu.

Nimeanza muhuri mwingine. Bila mashine, kwa mkono, moja kwa moja kwenye chuma, kinyume, kila kinachotakiwa kutokeza nakichimba kiingie ndani, kama walivyofanya wazee kabla ya mashine. Mzee Crochard alikuja akaona. "Wiki tano?" akauliza. "Utapofuka." Nikamwambia jicho moja linatosha kwa kazi ya upande mmoja wa uso. Akanitukana, kisha akavua koti na kuninolea patasi zote.

Mabawa yako juu. Yanagonga ukingo, kama nilivyojua. Nimehangaika siku nne na duara, mwishowe nikaliacha ligongwe. Ncha za mabawa zinapasua ukingo na kutokeza nje ya mstari, na Jamhuri ya Ufaransa nimeihamishia upande wa nyuma wa medali, penye picha ya ng'ombe. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye medali ya serikali. Ama watanifukuza au wataniiga.

Niandikie, hata ya kunitukana.

Goulven

*

Lannvern, 26 Juni 1892

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako. Tumefyeka majani, hali ya hewa imetusaidia, na mama mkwe amekula leo vipande vinne vya nyama ya nguruwe, kwa hiyo usimhofie tena. Pole sana ya mvunaji. Mimi ningemweka kanisani, na Padri angeniruhusu maana ananiogopa.

Uliniuliza kama ninayo habari. Ninayo tangu Oktoba.

Nilikuwa nachimba viazi akaja askari mmoja wa Quimper, anachechemea, akauliza kama mimi ndiye mke wa Tugdual. Walikuwa pamoja. Ilikuwa homa, haikuwa hata risasi. Alimzika mwenyewe kando ya mto, akaniambia jina la mto, nami nikalisahau palepale na silikumbuki hadi leo, na hilo linaniuma kila siku. Nilimpa maji nikamwomba aondoke kwa njia ya nyuma, Mama asimwone. Niliwaza kwamba yule mama hana mwana mwingine, soksi zile ndizo zinazomwamsha asubuhi. Basi kila siku nikabana mabawa juu, nikijua. Nilikukasirikia kwa sababu ulisema kweli bila kuijua, na mimi niliyeijua nilikuwa siwezi kuisema. Nilimpenda, Goulven. Sijapata nafasi ya kulia hata mara moja katika nyumba hii.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita, ya maandamano ya Ekaristi, Mama akasimama nyuma yangu kukagua pini. Badala ya kuzikaza akachomoa moja. Nikamshika mkono. Akasema, "Acha. Nilimwona yule askari."

Nikamwuliza askari gani.

"Wa viazi. Mtu mwenye mguu mbovu hapiti matopeni nyuma ya kijiji ila ametumwa apite. Nilijua siku ileile. Nikasema, huyu mtoto hayuko tayari, tumwache abane mabawa yake, nami nitafuma."

"Sasa mbona medali ilikulaza siku tatu?"

Akachomoa ya pili. "Nililala kwa hasira. Nilidhani umemwambia ndugu yako, na ndugu yako ameiambia serikali, na serikali imeandika kwenye bati, na mimi niliyemzaa mmeniruka."

Nilicheka, Goulven. Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha kilio kikanipata, na yeye akakaa chini pamoja nami na nguo zake za sikukuu. Tulichelewa misa. Tuliingia mabawa yakiwa chini, yake ya zamani na yangu mapya, na hakuna aliyegeuka kutazama.

Azeline

*

Paris, 6 Julai 1892

Azeline, dada yangu,

Sijui namna ya kuandika salamu za rambirambi zilizochelewa hivi. Tugdual ndiye aliyenibebea sanduku hadi kituoni nilipoondoka, na alinitania njia nzima ili nisilie. Nimemlilia leo mbele ya mzee Crochard, naye amejifanya anatafuta kitambaa.

Muhuri wa pili umekamilika. Umetoka motoni salama bila ufa. Macho yananiwasha lakini yanaona. Ni kazi bora kuliko ya kwanza, bora kuliko yote niliyofanya, na hata wale wawili nikiwaonyesha watajua.

Lakini sasa iliyo kweli ni ile ya kwanza. Nina mihuri miwili mezani, na wewe mara mbili. Sitachagua tena kwa ajili yako. Mmoja utakwenda kwa waamuzi tarehe ishirini, mwingine nitauvunja, au nitafanya utakavyosema. Niambie upi. Nangoja jibu lako kabla ya jambo lolote.

Goulven

*

Lannvern, 11 Julai 1892

Mdogo wangu,

Tuko wazima wote, na ng'ombe.

Peleka wenye mabawa juu. Tumekubaliana mimi na Mama bila kubishana, jambo ambalo ni geni hapa. Mtu anayepewa medali kwa siagi yake anataka kumwona mwanamke aliyeamka vizuri, na mimi miaka ile niliamka vizuri. Utashinda, hilo hata siulizi, na wasipokupa hiyo kazi waambie waje waniulize mimi.

Ule wa kwanza vunja. Nakala moja ya bati inatosha, na tumeshaitumia. Kwa kuwa Tugdual hana kaburi hapa kwetu, Mama amemwambia seremala achonge msalaba wa mwaloni, wameusimamisha makaburini karibu na baba yake, na medali yako imepigiliwa pale katikati. Nilimwambia Mama kwamba uso ule ni wangu na mimi bado niko hai. Akasema mjane ana haki ya kukaa karibu na mumewe, na kwamba pua inasaidia, inaonekana tangu barabarani.

Seremala alitaka kuandika jina. Mama alimnyang'anya patasi. Alisema katika ukoo huu kuna mtu anayechonga kwa ajili ya Jamhuri nzima, na yeye hatakubali jina la mwanawe liandikwe na mtu wa kutengeneza mahori ya nguruwe.

Kwa hiyo msalaba umesimama pale hauna jina, watu wanapita wanauliza, na Mama anawajibu kwamba mchongaji yuko njiani. Misa ya Tugdual ni tarehe kumi na tano Agosti. Treni ya asubuhi inafika Morlaix jioni, nami nitakuja kukupokea na gari la farasi. Utanijua kwa mabawa.

Dada yako,
Azeline